Mpwa wangu anaomba chuo nje: hili la kushuka Form Three aliandikie maelezo au anyamaze?

Mjomba wa Uyole

Wakuu habari za jioni. Ugonile kwa wa nyumbani, kamwene kwa wa Iringa na Njombe.

Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu. Amemaliza Form Six PCB kwenye shule moja ya wasichana huko Iringa, ana divisheni wani ya pointi 6. Sasa anaomba vyuo vya Marekani kupitia Common App (fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi), na kimoja viwili vya Uingereza. Kufaulu amefaulu. Kinachotutatiza ni makaratasi ya nyuma.

Kule wanataka matokeo ya miaka minne ya mwisho ya sekondari, siyo cheti cha NECTA (Baraza la Mitihani) peke yake. Ripoti zake za Form Two ziko vizuri tu, wastani sabini na kitu. Form Three, 2021, zinaporomoka mpaka hamsini na moja. Baba yake alifariki Aprili mwaka huo, dada akashindwa kodi ya mjini, wakahamia Tukuyu kwa bibi, mtoto akabadilisha shule katikati ya mwaka. Form Four akasimama tena, wani ya 13.

Kuna mengine madogo. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa lina ubini wa ukoo, cheti cha Form Four kina jina la babu. Halafu hana klabu wala mashindano ya kuandika. Akitoka shule alikuwa anakaa dukani kwa mama yake na kulea wadogo zake wawili.

Dada anataka kila kitu kiandikwe, mpaka mgogoro wa shamba na baba wadogo. Mwalimu wake mmoja amemwambia asiguse kabisa mambo ya familia, ataonekana analia. Kijana wa steshenari pale Mwanjelwa naye ameshamwandikia kurasa mbili zinaanza na "umaskini uliokithiri". Nimezisoma nikaona huyo siye mpwa wangu.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie. Lini mtu aandike maelezo na lini aache?

Parachichi la Njombe

Aandike yote mkuu. Wazungu wanapenda stori za huzuni, ndiyo zinazotoa skolashipu. Hiyo ya steshenari iacheni hivyo hivyo.

Baridi ya Makete

@Parachichi la Njombe umeshaombea nani akapata? Au unasema tu?

Parachichi la Njombe

Nasema ninachokiona mitandaoni kaka.

Ticha Chaki

Mjomba, nipo taaluma kwenye sekondari moja hapa Mbeya na hizi fomu za nje nimezisimamia kwa watoto kadhaa. Nitaandika kwa kirefu, mnivumilie.

Kipimo changu ni kimoja. Chukua makaratasi yote ya binti, funika jina, mpe mtu asiyemjua kabisa. Mwalimu wa shule nyingine, jirani aliyesoma, yeyote. Mwambie asome kisha akuulize maswali. Pale anapouliza "hapa kulitokea nini?" ndipo panapotaka maelezo. Pale asipouliza, paache. Maelezo yanajibu swali lililoulizwa na karatasi yenyewe. Yasilete swali jipya ambalo msomaji hakuwa nalo.

Sasa tupitie ya binti. Sabini, halafu hamsini na moja, halafu wani ya 13. Hapo yeyote atauliza. Tena atakisia, na makisio yake yatakuwa mabaya kuliko ukweli: utoro, nidhamu, au shule mpya kumshinda. Kwa hiyo Form Three iandikwe. Mgogoro wa shamba hakuna karatasi inayouuliza, ubaki kwenye familia.

Pili, wapi pa kuandika. Common App ya sasa ina sehemu mbili za hiari, na watu wanazichanganya. Moja ni ya changamoto na mazingira yaliyokukuta, mwisho wake maneno 250. Nyingine ni ya taarifa za ziada. Zamani hiyo ya pili ilikuwa maneno 650, lakini tangu msimu wa 2025 kwenda 2026 wameikata hadi 300 kwa wanaoingia mwaka wa kwanza. Kama kuna mtu kawapa fomu ya mfano ya miaka ya nyuma msiifuate. Msiba na kuhama kunaingia kwenye changamoto. Suala la jina na mfumo wetu wa maksi ndilo la taarifa za ziada.

Na hizo 250 si deni. Hana haja ya kuzijaza. Sentensi tano zinatosha.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanapopigwa. Msomaji wa Marekani akiona C ya Form Four anaona mtoto wa kawaida tu. Akiona maksi 58 kwenye ripoti ya muhula anaona mtoto aliyefeli, maana kwao chini ya 60 mara nyingi ndiyo F. Hajui kwamba kwetu Form Four A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30. Hajui kwamba Form Six ngazi ni nyingine, A ni 80 kwenda juu, na kwamba pointi zetu zinahesabiwa kinyume: ndogo ndiyo bora, 3 ndiyo ya juu kabisa. Ukimwandikia "division one, 6 points" bila kumfafanulia anaweza kudhani 6 ni maskini.

Lakini kazi hiyo siyo ya mtoto! Ni ya shule. Common App inataka mtu wa shule ajaze ripoti na kuambatanisha wasifu wa shule, ukurasa mmoja au miwili: shule ina wanafunzi wangapi, wanafundishwa kwa mfumo gani, madaraja yanasomwaje, kalenda ikoje. Shule zetu nyingi hazina karatasi hiyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuiomba. Nendeni kwa mkuu wa shule au makamu, mkae naye, muiandike. Hapo hapo aeleze kwamba Form Four inafanyika Novemba na Form Five inaanza Julai, ili isionekane mtoto alipotea miezi yote hiyo katikati. Binti akijieleza mwenyewe kuhusu NECTA anapoteza nafasi yake, na neno lake lina uzito mdogo kuliko la shule.

Mteremko wa Kitonga

Ticha umenifungua macho. Kwa hiyo pointi 6 wanaweza kuona ni sifuri kasoro? Hatari sana hii nchi.

Mama Sokomatola

Mwalimu shikamoo. Mimi naomba kupinga kidogo. Nimewahi kukaa kwenye kamati ya kuchagua watoto wa ufadhili wa kanisa, siyo nje, hapa hapa. Barua zinakuja nyingi, na kila mtoto ana msiba. Baba kafa, mama kafa, nyumba imeungua. Ukisoma kumi mfululizo moyo unakufa ganzi, Mungu anisamehe. Tuliokuwa tunawakumbuka ni wale waliosema jambo kwa ufupi kisha wakatuonyesha walifanya nini baadaye. Mtoto akituambia "nilianza kuuza mihogo, nikarudi shule muhula wa pili" tunamwona mtu. Akituambia "niliteseka sana, naomba mnionee huruma" tunaona barua.

Ila ninachopinga ni hili la kunyamazia mambo ya shamba. Je kama ndilo lililomfanya akose ada?

Ticha Chaki

Marahaba mama. Basi aseme alikosa ada muhula fulani, mwaka fulani, akarudishwa nyumbani wiki kadhaa. Hilo linaonekana kwenye mahudhurio, na linajibu swali. Baba wadogo walifanya nini ni kesi ya baraza la ardhi, msomaji wa kule hawezi kuihukumu. Akianza kusoma lawama kwa watu wasiokuwepo kujitetea anaanza kumtilia shaka anayelaumu.

Ni sawa na walimu. Kuna kijana aliandika kwamba fizikia ilimshinda kwa sababu mwalimu alikuwa mlevi. Inawezekana ni kweli! Lakini nilimwambia afute. Shule ikiandika "hatukuwa na mwalimu wa fizikia kuanzia Januari hadi Septemba" hiyo ni taarifa. Mtoto akiandika mwalimu ni mlevi, hayo ni majungu.

Binti Kihesa

Samahani naingilia kwa la kwangu. Mimi niliacha shule 2018 nikiwa Form Three kwa ujauzito, wakati ule ukipata mimba hurudi. Nikafanya QT (mtihani wa kupima sifa), nikafanya Form Four kama mtahiniwa wa kujitegemea, sasa nina dipuloma ya maendeleo ya jamii na naomba digrii kwa ufadhili wa nje. Fomu ina kisanduku "eleza mapengo katika elimu yako". Niseme mimba au niseme "sababu za kifamilia"? Nawaza mpaka nalala saa nane.

Baridi ya Makete

Pole dada. Mimi ningesema sababu za kifamilia nikapita. Watu wanahukumu.

Mama Sokomatola

Mimi ningesema wazi, mwanangu. Wewe ndiye uliyerudi. Wengi hawakurudi.

Ticha Chaki

Dada Kihesa, kwako karatasi inauliza mara mbili. Kuna pengo la miaka, halafu namba yako ya mtihani inaanza na P badala ya S, anayejua mfumo wetu atajua hukufanyia shuleni. Na fomu yenyewe imekuuliza waziwazi. Kwa hiyo kukaa kimya haiwezekani. Lakini kujibu hakumaanishi kumpa mtu faili lako lote.

Una njia mbili na zote ni za ukweli. Ya kwanza: "Niliacha masomo mwaka 2018 kwa sababu za kifamilia, nikarudi kwa mfumo wa kujitegemea na kumaliza kidato cha nne mwaka fulani." Imekamilika, hakuna anayekudai zaidi. Ya pili: unasema ulipata ujauzito, na utaratibu wa wakati ule haukuruhusu kurudi kwenye shule ya serikali. Serikali ilifungua mlango Novemba 2021, wewe ulikuwa umeshatafuta njia yako kabla. Msomaji wa nje hajui historia hiyo, na ukimweleza kwa sentensi mbili anaona pengo lako halikuwa uvivu hata kidogo.

Mimi naelemea ya pili kwa sababu unaomba ufadhili wa maendeleo ya jamii. Ni uzoefu unaohusika moja kwa moja na unachotaka kusomea. Ungekuwa unaomba uhasibu ningekuambia ya kwanza inatosha. Ila uamuzi ni wako peke yako, na usiandike la pili kama hutaki kuulizwa kwenye usaili. Wataliuliza.

Binti Kihesa

Asante sana mwalimu. Hilo la usaili sikuwa nimelifikiria. Nadhani naweza kulisema bila kulia sasa.

Mteremko wa Kitonga

Na mimi nichomekee langu. Nilimaliza Form Six 2015, cheti changu hakina divisheni, kimeandikwa mambo ya GPA. Naomba masters Ulaya, wananiuliza hii ni nini. Niandike insha?

Ticha Chaki

Sentensi mbili mkuu. Matokeo ya Form Six ya 2015 yalitolewa kwa mfumo wa GPA, kisha divisheni zikarudi, na herufi za A, B+, B na kuendelea zilitumika 2014 na 2015. Hata TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwenye mwongozo wake inawatenga wa miaka hiyo miwili kwa sababu pointi za herufi ni tofauti: kwenu A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, kwa wengine A 5, B 4, C 3. Waandikie hivyo na uwaambatanishie ukurasa wa mwongozo wa TCU. Wakishakuwa na karatasi ya mamlaka hawahitaji maelezo yako.

Nyanya Chungu

Wakuu mnaongea ya nje tu. Sisi tunaoomba hapa hapa je? Mdogo wangu anaomba MUST na Mkwawa, nimwandikie barua ya kueleza kwa nini kemia ana E?

Baridi ya Makete

Umpelekee nani hiyo barua? 😂

Ticha Chaki

Msimcheke, ni swali zuri. Maombi ya digrii hapa yanakwenda kwa namba ya mtihani. Mfumo unavuta matokeo NECTA, unalinganisha na sifa za kozi. Kiwango cha chini kwa jumla ni prinsipo mbili (masomo mawili aliyofaulu kati ya A na E) zenye pointi 4, kisha kila kozi ina masharti yake. Kama kozi inataka D ya kemia na ana E, hata aandike kwa machozi mfumo hauna jicho la kuyasoma. Muda wa kuandika barua autumie kutafuta kozi ambayo E yake inatosha, au arudie mtihani.

Na Bodi ya Mikopo vivyo hivyo. Pale hawataki simulizi ya baba kufariki, wanataka cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Fomu isainiwe serikali ya mtaa na kwa kamishna wa viapo, iwe na mihuri yote. Nimeona watoto yatima wanakosa kwa karatasi moja wakati barua ya maelezo ilikuwa nzuri ajabu.

Nyanya Chungu

Nimekuelewa ticha. Ngoja nianze na RITA.

Parachichi la Njombe

Ticha lakini hujajibu la kwangu. Kama wanasoma maelezo, kwa nini usiweke chumvi kidogo? Nani atakuja Tukuyu kuhakiki?

Ticha Chaki

Hawaji Tukuyu. Wanasoma ripoti ya shule, barua za walimu wawili, insha ya mtoto na fomu ya hali ya kifedha ya mzazi, zote kwa pamoja. Mtoto akisema alilala njaa miaka miwili, na fomu ya mama ina duka na kodi analipa, wameshamaliza. Na chuo kikigundua uongo hata baada ya kumpokea kinaweza kumfuta. Hiyo chumvi anakuja kuinywa mtoto, wewe utakuwa Njombe.

Mjomba wa Uyole

Ndugu zangu nimesoma yote, na usiku nilikaa na binti na mama yake. Kile cha funika jina tumekifanya. Nilimpa jirani yangu mstaafu wa TAZARA, aliyezoea kusoma mafaili. Aliuliza mawili tu: Form Three kulikuwa na nini, na kwa nini majina hayafanani. Hilo la klabu hata hakuligusa.

Binti ameandika mwenyewe kwa Kiingereza, hapa naliweka kwa Kiswahili ili wote tuchangie:

"Aprili 2021, nikiwa kidato cha tatu, baba yangu alifariki. Familia yetu ilihama Mbeya mjini kwenda Tukuyu, nami nikabadilisha shule katikati ya mwaka. Ilikuwa miezi migumu kuliko yote niliyowahi kupitia na bado naumia nikikumbuka. Maksi zangu zilishuka mwaka huo. Novemba 2022 nilifanya mtihani wa taifa wa kidato cha nne nikapata daraja la kwanza. Tangu tuhame nasaidia duka la mama na kulea wadogo zangu wawili, ndiyo maana sina shughuli nyingi za kuorodhesha. Naomba radhi kwa hilo."

Mama Sokomatola

Mungu ambariki. Hii ni nzuri. Ila aondoe kuomba radhi, ameikosea nini dunia?

Ticha Chaki

Naungana na mama. Sentensi ya "naomba radhi" itoke, na ya "miezi migumu" itoke. Tarehe ya msiba na maksi zilizoshuka zinatosha, msomaji ana moyo wake atajua ilikuwa migumu. Kama anataka kusema alivyoumia, ana insha kuu ya maneno 650, pale ndipo pa kujieleza yeye ni nani. Lakini kama insha nayo itakuwa ya baba, basi hapa abakize tarehe na matokeo tu, asisimulie jambo moja mara mbili.

La duka na wadogo liondoke hapa kabisa, kwa sababu amelifanya udhuru na si udhuru. Common App ina nafasi kumi za shughuli, na miongoni mwa aina zilizomo kuna majukumu ya kifamilia na kuna kazi. Akaandike pale: duka, saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka, anafanya nini hasa. Kama anaagiza mzigo na kuandika daftari la madeni aseme. Nafasi ya maelezo ni herufi 150 tu kwa kila moja, kwa hiyo achague. JKT kama ameenda nayo iingie.

Kwa vile vya Uingereza hana kisanduku maalumu cha kuandika msiba kwenye UCAS (mfumo wao wa maombi ya vyuo), na asiuchomeke kwenye maelezo binafsi. Siku hizi hayo ni maswali matatu, herufi 4,000 kwa jumla, na yanauliza habari za kozi na maandalizi yake. Msiba unaandikwa na mwalimu anayemdhamini, kuna kipengele mahsusi kwenye barua yake cha mambo yaliyomwathiri mwanafunzi. Mpeni mwalimu tarehe kwa maandishi, asije akaandika mwaka mwingine.

Mjomba wa Uyole

Nimemsomea. Amefuta palepale, imebaki mistari minne. Dada alinuna kidogo kuhusu shamba lakini amekubali. Jumatatu naenda Iringa na binti kuonana na makamu mkuu wa shule kwa ajili ya huo wasifu wa shule. Ngazi za NECTA nitaenda nazo zimechapwa.

Limebaki la jina. Aandike kwenye taarifa za ziada tu, yaishe?

Ticha Chaki

Aandike sentensi moja, ndiyo, kwamba majina yote mawili ni yake, na kwenye fomu kuna pa kujaza jina lingine alilowahi kutumia. Lakini sentensi peke yake haiponyi tatizo hilo. Akipokelewa ataomba pasipoti, kisha viza, na pale wanataka karatasi zifanane. Muoneni wakili sasa, aandae dipoli (hati ya kisheria ya kuthibitisha jina), isajiliwe kwa Msajili wa Hati, kisha pasipoti itoke kwa jina lile lile alilojaza kwenye Common App. Msisubiri barua ya chuo ndipo muanze kukimbizana.

Mteremko wa Kitonga

Dipoli wanachukua shilingi ngapi siku hizi Mbeya?

Baridi ya Makete

Inategemea wakili, mkuu. Zunguka ofisi mbili tatu kabla ya kulipa, bei hazifanani.